Mrejesho: Prague, Vienna, Bratislava na Budapest kwa treni

Niliuliza kama miji mikuu hii minne inazungukika kwa treni na viza moja. Inawezekana kabisa. Yote iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza huombwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, ule wa nchi ya kuingilia. Prague–Vienna ni takriban saa 4, Vienna–Bratislava saa 1. Wengi hukosea hapa: treni za kutoka Vienna hufika Bratislava ama stesheni kuu, Hlavná stanica, ama stesheni ya Petržalka, ng'ambo ya mto Danube. Soma tiketi.

Budapest, msiikose metro (treni ya chini ya ardhi) M1 ya mwaka 1896, vituo vidogo vya vigae vyeupe, vizuri mno! Tiketi ya karatasi igongwe mashineni kabla ya kupanda. Isiyogongwa ni faini. Prague andaa koruna, Budapest forinti.