Yule nahodha wa miwani nyeusi iko siku nitamtumbukiza mwenyewe ziwani!!!

Wakuu, nimeshuka kisiwani Ukara, Ziwa Victoria, sasa hivi, gauni halijakauka, mkono unatetemeka kwa hasira. Nahodha wa miwani nyeusi mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kivuko kiliniacha Bugolora nikapanda boti yake. Tukapakiwa na magunia ya mkaa, mabati, mbuzi na harusi nzima ya watu, maji yamebakiza vidole vitatu kuingia ndani. Nikaomba boya kwa adabu zote. Kumbe ameyakalia! Maboya manne kayapanga kama sofa, kakaa juu anaendesha. Akanitazama juu mpaka chini: "Mama, bonge kama wewe boya la nini? Si unaelea mwenyewe!"

UNAELEA MWENYEWE! Boti nzima ikaangua kicheko. Nadhani hata mbuzi alicheka.

Maji haya haya yalimeza MV Nyerere Septemba 2018, kivuko cha watu 101, tukazika zaidi ya 220, tena gati likionekana kabisa. Leo mtu kakalia boya ananiambia naelea mwenyewe! Nikang'ang'ania mpaka nikapewa moja: mikanda hakuna, linafungwa kwa tyubu ya baiskeli, sponji ndani limekuwa unga, linanuka dagaa. Na bado anarudia, "ila ungeelea."

Kisu cha Sangara: Pole dada. Ila nahodha hajakosea, mafuta huelea 😂

Mjomba Nansio: Weka picha tuthibitishe.

Mleta mada: Mpuuzi wewe.

Binti Mwaloni: Wengine wanayagawa wakiona boti ya ukaguzi tu. Ikipita wanayakusanya kama karatasi za mtihani.

Mzee wa Kirumba: Huyo afadhali. Wangu alizima injini katikati ya ziwa, upepo umechachamaa, eti tumchangie petroli.

Dogo Majita: Huku vijana wanakunywa gongo halafu wanashindana kuogelea mpaka kwenye jiwe. Jumapili tumemtoa mmoja kwa kumrushia dumu tupu akalikumbatia. Hata asante hakusema, kauliza simu yake iko wapi.

Mzee wa Kirumba: Dumu la lita 20? Huko mnayapata wapi, huku yamekuwa bei ya kuku.

Mleta mada: Jamani, tunaongelea madumu au nahodha?

Mjomba Nansio: Madumu.

Dogo Majita: Mzee, ninayo kama kumi, ila mawili hayana mifuniko.