Naombeni ushauri: niweke hati ya nyumba niagize kontena la tailizi China, wakati wanasema Mchina anaishiwa pumzi?

MamaTailizi

Mbukwenyi wana jukwaa. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo yamenifika.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Nkuhungu, Dodoma. Nilianza 2017 na misumari na saruji, wizara zilipokuwa zinahamia huku. Siku hizi kinacholeta ugali mezani ni tailizi na masinki. Mzigo nachukua kwa jumla Kariakoo. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kila mwaka anakwenda Foshan kule kwenye viwanda vya tailizi, na kila akirudi ana wimbo mmoja: "Shemeji, unawalisha watu wa kati. Agiza kontena lako." Benki wako tayari kunipa milioni 60 nikiweka hati ya nyumba tunayokaa. Marejesho miaka mitatu.

Baba watoto hataki hata kusikia. Aliona video ya Kunming, maghorofa 15 yakilipuliwa kwa mpigo mwaka 2021, hakuna mtu aliyewahi kulala humo. Anasema hawa wamefika mwisho wa kamba: ukituma hela leo, kesho kiwanda kina kufuli, na sisi tunarudi kupanga. Shemeji naye anasema tangu azaliwe anasikia Mchina anaanguka na hajamwona akianguka. Nyumbani sasa hivi ni bunge, ila halina spika.

Wajuvi wa uchumi nisaidieni. Mwendo huu wa Mchina utadumu au ndiyo umekwisha? Maana nyumba ni moja.

Jembe_la_Nala

Nakaa kitako hapa, nina sebule inayosubiri tailizi.

ChumaChaPua

Mama agiza tu. China imefuta ushuru kwa Tanzania, hukuona kwenye habari? Wanaume waoga ndio wanaorudisha familia nyuma.

Klirini_wa_Bandari

ChumaChaPua usimpoteze mama wa watu. Ushuru waliofuta ni wa kwao, kwa bidhaa zetu zinazoingia China. Tangu Desemba 1, 2024 nchi maskini zaidi zenye uhusiano nao, sisi tukiwemo, zinapeleka mzigo bila ushuru. Hiyo ni habari njema kwa mwenye ufuta. Tailizi zinazoshuka Dar zinakutana na TRA, wakusanya kodi wetu, na bidhaa za kauri ziko kwenye kundi la juu la ushuru wa Afrika Mashariki, 35% tangu Julai 2022. Juu ya hapo kuna VAT 18%. Na cheti cha ubora cha TBS kinatafutwa kulekule kabla mzigo haujapanda meli. Usipokuwa nacho bandarini utanikumbuka.

Mchumi_wa_Chimwaga

Dada, swali lako ni zuri ila ndani yake kuna maswali mawili, na kinachowagombanisha hapo nyumbani ni kuyachanganya.

Kwanza Mchina mwenyewe. Deng Xiaoping alipofungua milango mwaka 1978, wengi wa watu wake walikuwa vijijini. Ukimtoa kijana kwenye shamba la mpunga lenye watu kumi linalotosha watu watano, ukamweka kwenye mashine ya viatu, nchi inapata faida siku hiyohiyo: mpunga haupungui na viatu vinaongezeka. Walifanya hivyo kwa mamilioni, miaka thelathini mfululizo, uchumi ukikua karibu 10% kwa mwaka. Desemba 2001 wakaingia Shirika la Biashara Duniani, soko likawa dunia nzima. Mwaka 2007 walikua kwa zaidi ya 14%. Mwaka 2010 wakampita Mjapani, wakawa wa pili duniani.

Lakini kijana yule huwezi kumtoa shambani mara mbili. Barabara nazo ni hivyohivyo. Ya kwanza ya lami kutoka kijijini hadi sokoni inabadilisha maisha, ya nne inabadilisha mandhari tu. Wenzetu bado wanarudisha karibu 40% ya pato lao kwenye majengo, viwanda na reli, na kila yuani mpya inazaa kidogo kuliko ya jana.

Nyumba ndizo zilizowaumiza. Serikali zao za mitaa ziliishi kwa kuuza haki ya kutumia ardhi. (Sisi wa Dodoma tusicheke. CDA, mamlaka iliyokuwa inasimamia ardhi ya mji huu, ilipovunjwa 2017, Jiji nalo lilionja utamu wa kuuza viwanja.) Kampuni za ujenzi zikakopa, zikauza fleti ambazo hata msingi haujachimbwa. Mwaka 2020 Beijing ikabana mikopo. Desemba 2021 Evergrande ikashindwa kulipa, deni likiwa zaidi ya dola bilioni 300, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Hapo ongeza kwamba tangu 2022 idadi ya watu inapungua. Sera ya mtoto mmoja iliachwa baada ya 2015, lakini waliozaliwa wachache ndio leo wanaooa wachache. Nani atanunua fleti?

Kwa hiyo zile 10% zimekwisha, na sioni cha kuzirudisha. 2023 walisema 5.2%, 2024 wakasema 5%, na wapo wataalamu wanaoona hata hizo zimepakwa rangi kidogo.

Ila "kupunguza mwendo" na "kuanguka" ni vitu viwili. 5% ya uchumi wao wa leo ni fedha nyingi kuliko ile 14% ya 2007, kwa sababu uchumi wenyewe umekuwa mkubwa mara kadhaa. Basi la Shabiby likipunguza mwendo pale Gairo abiria hawaruki dirishani.

ChumaChaPua

Mchumi, tangu nisome shule ya msingi mnatabiri anaanguka.

Mchumi_wa_Chimwaga

Soma tena, sijasema anaanguka.

Gereji_Kizota

Mimi si mchumi, nashika spana. Lakini Japani naijua kwa bodi zake. Miaka ya themanini walisema Mjapani atamnunua Mmarekani. Ikaja 1990, 1991, bei za hisa na viwanja zikaporomoka, na mpaka leo hajarudia mwendo wa zamani. Sasa mama, simama hapo barabarani dakika tano uhesabu Noah, IST na Premio. Zote zimetengenezwa wakati uchumi wao "umedumaa". Spea zinapatikana. Nchi inaweza kusimama kukua na bado ikakuuzia gari ukaendesha hadi ukachoka mwenyewe.

Kwa hiyo hofu ya shemeji hapo juu, samahani, ya mzee, kwamba China ikidorora tailizi zitakosekana, mimi naiona kinyume. Fleti kwao hazijengwi kama zamani, ina maana kiwanda cha tailizi kina mzigo umelala stoo. Utapewa kwa bei ya kutupa.

Mhasibu_Mstaafu

Gereji kasema kweli nusu. Mzigo utakuwa rahisi, ndiyo. Lakini kiwanda kinachouza kwa bei ya kutupa ndicho kilicho karibu kufunga. Desturi ya kule unatanguliza 30%, wanatengeneza, unamalizia 70% ukishaona hati ya meli. Ikifika hiyo 30% halafu kiwanda kikafa, taifa lote la China linaweza kukua 8% na wewe hupati kitu. Muulize shemeji yako kiwanda gani, amenunua hapo mara ngapi, na kama jina la akaunti ya benki ni la kiwanda au la mtu.

Lingine. Mkopo wako ni wa shilingi, bili ni ya dola. Mwaka 2024 dola ilivuka 2,700, kisha kabla mwaka haujaisha ikarudi chini ya 2,500. Aliyenunua dola kileleni na kuuza tailizi dola ikiwa chini anajua nasema nini.

Mrangi_wa_Kondoa

Mama nikupe yangu, bure.

Mwaka 2016 mbaazi ilikuwa dhahabu. Mhindi anataka, bei inapanda, kila mtu anasema India ina watu zaidi ya bilioni na watu hawaachi kula. Nikauza ng'ombe wanne, nikanunua gunia kwa laki mbili nikaweka stoo. Agosti 2017 serikali ya India ikatangaza kikomo: tani laki mbili tu kwa mwaka kutoka nje. Wakulima wao walikuwa wamelima kwa wingi, wakavuna vizuri, wanalindwa. Mimi gunia nikaja kuliuza elfu kumi na nane, na mnunuzi alijiona ananisaidia.

Mwaka ule uchumi wa India ulikua karibu 7%. Ulikuwa unapaa kabisa! Walioanguka ni mimi na ng'ombe wangu.

Tangu hapo mtu akiniambia taifa fulani linakua namuuliza: linakua kuelekea kwangu au linanipita?

MamaTailizi

Kaka Mrangi pole sana. Nimemsomea baba watoto hiyo ya ng'ombe, amecheka halafu akanyamaza.

Mhasibu, nimempigia shemeji. Kiwanda hakijui jina. Anamjua "bosi mmoja" wa ofisi ya soko.

Fundi_Chidachi

Shikamoo mama. Mimi natandika tailizi, nimeshakuletea wateja. Niseme la site.

Hapa wote mnaongelea China. Tailizi hazitandikwi China, zinatandikwa Ilazo, Iyumbu, Swaswa. 2018 na 2019 nilikuwa na nyumba tatu kwa wakati mmoja, wateja watumishi, wanahamia, wana haraka, hawaulizi bei. Sasa hivi mteja anatandika sebule mwezi huu, korido Desemba, jikoni Mungu akipenda. Kazi zipo, lakini haraka imepungua. Kontena ni tani 27 hivi za tailizi. Mama unauza boksi ngapi kwa wiki?

Halafu kuna Chalinze. Pale Twyford wanachoma tailizi usiku na mchana, ni Mchina huyohuyo kaja kukaa njiani kwetu. Goodwill wako Mkuranga. Gari linapakia asubuhi, jioni liko Nanenane. Hakuna meli, hakuna kusubiri miezi.

Mchumi_wa_Chimwaga

Fundi umemaliza. Hilo ndilo swali la pili nililotaka kulifikia. Sensa ya 2012 Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Huo ni mwendo wa Kichina, na sababu yake ni ileile: serikali imehamisha watu na kujenga. Mji wa Serikali wa Mtumba, barabara ya mzunguko, uwanja wa ndege wa Msalato, treni ya SGR iliyoanza safari hadi hapa 2024. Mtu anahamia mara moja. Baada ya hapo mji unapaswa kukua kwa biashara zake wenyewe. Dada, rehani yako imefungwa kwenye jibu la Dodoma kuliko la Beijing, na miaka mitatu ya marejesho itaangukia humohumo.

ChumaChaPua

Kwa hiyo Dodoma nayo inaanguka? Nyie watu hamna jema.

Gereji_Kizota

Haianguki. Ila gari linalopanda mlima na linalotembea tambarare hayali mafuta sawa. Panga safari yako.

Mhasibu_Mstaafu

Mama nisaidie kitu kimoja kabla hujaamua. Fungua daftari lako, uniambie mwaka jana hasara kubwa ilitoka wapi. Usiangalie faida.

MamaTailizi

Baba Mhasibu, nimekaa na daftari usiku kucha.

Hasara kubwa ni rangi. Mteja wa mtaa wa Kisasa alichukua boksi 52 za krimu, 60 kwa 60, za sebule. Zikapungua nne. Nikamletea nyingine, jina lilelile, picha ileile kwenye boksi. Fundi akaweka moja chini, tukainama wote tukaiangalia: mpya imeelekea manjano kidogo kama chai ya maziwa iliyopoa. Namba ya toleo ubavuni mwa boksi ni tofauti. Mama mwenye nyumba akasema ng'oa zote. Nikarudisha hela nusu, na boksi 38 za toleo jipya nimebaki nazo mpaka leo zimejaa vumbi.

Kwa wiki nauza boksi 30, wiki nzuri 45. Nimepiga hesabu ya kontena: kwa wiki za boksi 30 ningekaa nalo zaidi ya nusu mwaka, na marejesho kila mwezi.

Jana nimepanda basi mpaka Chalinze. Wanasema nikichukua gari dogo kwa fedha taslimu naweza kuchagua boksi zote za toleo moja, na zikipungua nirudi wiki hiyohiyo. Bei haifiki uzuri wa ile ya Foshan, lakini ninaiona kwa macho. Hati ya nyumba nimeirudisha kwenye sanduku. Shemeji amenuna, nimemwambia tutachangia nafasi kwenye kontena lake la masinki, kwa hela ya mfukoni, akinitajia jina la kiwanda.

Baba watoto anajisifu kwamba alisema China imekwisha. Nimemwonyesha ile ya Noah.

Mrangi_wa_Kondoa

Hapo umenifurahisha. Ng'ombe wangu hawakufa bure.

Jembe_la_Nala

Mama, zile boksi 38 za chai ya maziwa unauzaje? Sebule yangu haijaanza, haina cha kufanana nacho.

MamaTailizi

Njoo Jumamosi na fundi. Vumbi nitafuta.