Mrejesho: mguu bandia uliokuwa unampwaya mdogo wangu

Wakuu, habari za leo. Niliuliza hapa kuhusu mdogo wangu aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda, kwamba mguu bandia unampwaya na kumchubua. Mliosema tusikimbilie kudai mwingine, asanteni. Fundi wa viungo bandia alieleza kuwa kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, hunywea miezi ya mwanzo, kwa hiyo lazima mguu ulegee. Kampa soksi za kuongezea: asubuhi moja, jioni kikinywea anavaa ya pili. Mchubuko umekauka.

Kazi ipo kwenye goti. Alizoea kulala na mto chini yake, likaanza kugoma kunyooka. Mto tumeuondoa, analinyoosha kila siku huku anagugumia, na linakubali. Vidole visivyokuwepo bado vinamwasha usiku. Zoezi la kioo mlilolitaja, la kuutazama mguu mzima kwenye kioo uonekane kama ndio ule uliokatwa, linampunguzia kidogo tu.

Sasa anatembea na gongo moja hapa Nkuhungu. Kwenye lami hana shida, mchanga ndio unamshinda. Jua la Dodoma nalo! Inabidi avue mguu, afute jasho, avae tena. Bodaboda hataki kuisikia, ila baiskeli ameshaanza kuiulizia.