Mstari wa kifodi (daladala ndogo): ni utani au nimewakosea dada zetu?

Chalii_Mbauda
Wakuu za jioni, naombeni mawazo kabla sijaachia ngoma. Mi nachana, jina bado sina, tunarekodi kwenye chumba kimoja huku Mbauda, Arusha (Chuga), magodoro ukutani na feni lazima uzime ukianza kurekodi. Jumamosi nilikuwa naingiza vesi ya pili na kuna sista anatuimbiaga kiitikio alikuwa pembeni anasubiri zamu yake, anakula mihogo. Nikatupa mstari kuhusu demu wangu wa zamani, bando la wiki linaisha Jumatatu afu anabipu mpaka Jumapili, sista akacheka mpaka akapaliwa. Mstari unaofuata ukaja hivi, "mademu wa Sakina kama kifodi cha asubuhi, mlango haufungi na konda bado anaita". Wana wakapiga makelele, prodyuza akarudisha nyuma tusikie tena, kugeuka namuona sista anavaa koti. Akaniuliza kitu kimoja tu, "we hapo ndo konda au abiria?", akasepa. Simu hapokei mpaka leo. Sasa mi nauliza, kama wa kwanza alicheka, wa pili una shida gani? Kwangu mi yote vichekesho.

Sela_wa_Unga
Tafuta mwingine aimbe maisha yaendelee. Hip hop siyo kwaya ya jumuiya. Afu mbona kwenye taarabu wanapashana vibaya kuliko hivyo na kina mama ndo wa kwanza kunyanyuka kutunza??

Meku_Kiboriloni
Hapo kwenye taarabu umepapatia lakini umeishia njiani. Khadija Kopa na Nasma Khamis walivyokuwa wanajibizana miaka ya 90, ukipigwa kijembe leo na wewe unajipanga unarudisha, ndo utamu wenyewe. Sawa na sisi Wachaga na watani zetu Wapare, mi Mpare akija msibani kwetu akasema marehemu afufuke tumdai hela yake hakuna anayenuna, kwa sababu kesho na mimi naenda kwao nawaambia wanauza ng'ombe mzima waendeshe kesi ya kuku. Sasa huyo demu wa Sakina anakujibia wapi? Maiki unayo wewe, prodyuza ni mwana, na wote mle ndani ni wanaume kasoro mmoja, na huyo mmoja ndo kavaa koti.

Na haya mabishano siyo mapya. Marekani mwaka 1990 kulikuwa na kundi la rap la 2 Live Crew la Miami, jaji wa Florida akasema albamu yao ni matusi matupu, wakaja kukamatwa na kushtakiwa baada ya shoo. Profesa Henry Louis Gates akaenda kuwatetea mahakamani kwamba ule ni utani wa watu weusi wa toka zamani, kukuza mambo mpaka yachekeshe, na baraza la wazee wa mahakama likawaachia. Lakini kuna mwanamama mwanasheria, Kimberlé Crenshaw, mweusi pia, mwaka uliofuata akaandika kwamba ni kweli wale vijana wameonewa, ila hiyo ya "tunatania tu" haimsaidii mwanamke mweusi anayetaniwa, maana kicheko wanakipata wengine na maumivu yanabaki kwake. Huwa naikumbuka sana hiyo. Unaweza kuonewa na serikali na bado ukawa umemtukana dada yako.

Binti_Ngarenaro
Kaka Mbauda mi nitakwambia kwa lugha ya stendi. Napanda kifodi kila siku saa kumi na mbili asubuhi, nafanya usafi ofisini mjini. Kuna konda mmoja akiona msichana ana hipsi anaimba mstari wa ngoma fulani ya hapa hapa Chuga, siitaji, huku anakusukuma kiunoni eti songa mbele, na gari zima linacheka. Ukinuna unaambiwa dada mbona huna utani, ni wimbo tu. Aliyeandika ule mstari sidhani hata alimuwaza konda, alitaka kina tu. Ila mimi ndo nashushwa nao kila siku pale Kilombero.

Wa bando nimecheka na mimi, na mi ndo huyo huyo wa kubipu 😂 Pale umemsema mtu mmoja na tabia yake. Huu wa kifodi umetusema wote wa mtaa mzima, na hujatuita hata watu, umetuita gari.

Sela_wa_Unga
Dada pole kwa huyo konda. Ila mkianza hivyo mwisho mtaita BASATA (baraza la sanaa), 2018 si walifungia "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond kisa kuchezea jina la Nyegezi, mtaa wa kule Mwanza.

Binti_Ngarenaro
Nani kaita BASATA? Mi sijasema afungiwe, nimesema mstari ni mbovu. Na Nyegezi ni mchezo wa maneno, sikuona aliyedhalilishwa pale, ni aibu tu za wakubwa. Chuga hii hii X Plastaz walikuwa na dada, Dineh, ndani ya kundi, anachana na kina kaka zake bega kwa bega. Nyie mnatupaga kiitikio tu.

Chalii_Mbauda
Wakuu mrejesho. Jana nimemfuata sista kwao na soda, nikamwambia naufuta ule mstari. Akasema usifute, nipe mistari minane baada yako. Prodyuza akasita kidogo, ngoma itakuwa ndefu sijui nini, mwisho akakubali. Akaingia, wa kwanza tu, "konda anaita siti ipo, kumbe gari lenyewe la mkopo, breki hakuna, na mama yake ndo anaweka mafuta".

Wana wamecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Ya mama kuweka mafuta ni kweli, nani kamwambia sijui.

Meku_Kiboriloni
😂😂😂 Weka link ngoma ikitoka.

Sela_wa_Unga
Sasa na wewe utajibu au?

Chalii_Mbauda
Naandika hapa.