Mashine ya kupima uongo imeninyima kazi, na sikudanganya hata neno moja

Wakuu, niacheni nitoe dukuduku langu.

Usaili nilipita, vyeti vikahakikiwa, wadhamini wakapigiwa simu. Ikabaki hatua ya mwisho ya upekuzi: mikanda kifuani, mkanda wa presha mkononi, vidude vidoleni. Mpimaji akauliza kama nimewahi kutoa siri za kazini. Moyo ukanilipuka paa! Nani asingeshtuka, ajira nzima ikiwa inaning'inia kwenye swali hilo? Nikajibu hapana, na ni kweli tupu. Majibu yakatoka: "dalili za udanganyifu". Hakuna maelezo wala pa kukata rufaa.

Hiyo mashine haiujui uongo. Inapima mapigo ya moyo, presha, pumzi na jasho la vidole, na vyote hivyo vinabadilika kwa woga, hasira, hata aibu. Mwenye roho ngumu anapita huku anatabasamu. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alianza kuwauzia Wasovieti siri 1985. Akapimwa 1986, akapita. Akapimwa tena 1991, akapita. Alikuja kukamatwa 1994! Na ushauri aliopewa na KGB, majasusi wa Kisovieti, ulikuwa alale vizuri, atulie, aelewane na mpimaji. Basi.

Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa mfano wa hesabu: wafanyakazi 10,000, majasusi 10 ndani yao. Ukiibana mashine inase majasusi 8, itazoa na watu kama 1,600 wasio na kosa. Ukiilegeza ili wanaoonewa wabaki kama 40, majasusi 8 wanajipitia zao. Mimi ni wa kwenye hao 1,600, halafu naambiwa nisikasirike.

Tena hukohuko Marekani sheria ya 1988 inawakataza waajiri wengi binafsi kuwapima watu hivi, ila serikali ikajitoa. Haimfai mtunza stoo, inamfaaje mtunza siri?

Kilichoniuma kuliko vyote ni upole wa yule jamaa wakati ananifungua mikanda: "Kama kuna kitu unaficha, sema sasa, tutakusaidia." Kumbe mtego wenyewe ndio huo, uingiwe na hofu uropoke.

Sasa fomu nyingine ya kazi iko mezani, inauliza kama nimewahi kushindwa upekuzi. Nikiandika ndiyo, nimekwisha. Nikiandika hapana, hapo ndipo nitakuwa nimedanganya kweli. Aliyewahi kukwama hapa alijazaje?