Halloween ya 1978 haina damu ya maana, mbona bado inatisha?

Mdadisi
Wakuu, naomba tuichambue hii kiufundi, tusiishie kusema "za kale ni dhahabu". Halloween ya John Carpenter ilitengenezwa kwa dola 300,000 na ushee. Damu ni ya kuhesabu matone, na baada ya ufunguzi inapita karibu nusu ya filamu kabla hatujaona mtu mwingine akiuawa mbele yetu. Kinyago cha muuaji kilikuwa sura ya mpira ya Kapteni Kirk wa Star Trek iliyonunuliwa kwa chini ya dola 2. Wakaondoa nyusi na ndevu za mashavuni, wakapanua matundu ya macho, wakapaka rangi nyeupe, basi. Mtazamaji wa leo ameshaona kila aina ya madoido ya kompyuta. Sasa kinachombana kifua ni nini? Mimi nashuku muziki. Na kama kuna anayeona haitishi, aseme inakwama wapi.

FremuPana
Muziki una sehemu yake, lakini anza na kamera. Kwenye ufunguzi tunatazama kwa macho ya muuaji: anachungulia dirishani, anazunguka nyuma, anaingia jikoni, anatoa kisu kwenye droo, anapanda ngazi. Ilipigwa kwa Panaglide, kifaa anachovaa mpiga picha ili kamera ielee bila kutikisika. Inaonekana kama pigo moja lisilokatwa, ingawa maungio yapo, yamefichwa. Ukishapewa somo hilo, kila kamera inapoanza kuelea barabarani mchana kweupe unajiuliza: haya sasa ni macho ya nani? Mara nyingi si ya mtu yeyote. Lakini mwili hausubiri jibu.

Halafu kuna ule upana wa picha, 2.35 kwa 1 ya kimo. Mhusika anawekwa pembeni, sehemu kubwa ya picha inaachwa tupu, na wewe bila kuambiwa unaanza kulinda ule utupu.

Angalia karibu na mwisho. Laurie, msichana anayewindwa (Jamie Lee Curtis), ameegemea ukuta, hoi, na kando yake pana mlango uliojaa giza. Hakuna kinachotokea. Kisha ndani ya lile giza weupe unaanza kujitokeza, taratibu, mpaka unagundua ni uso. Dean Cundey, mpiga picha mkuu, aliweka taa ndogo yenye swichi ya kuongeza mwanga kidogo kidogo. Hakuna picha iliyokatwa wala mtu aliyeingia. Maana yake alikuwa amesimama pale wakati wewe unatazama. Hapo ndipo filamu nyingi za sasa zinapokosea: zinamrusha muuaji kwa kishindo, unashtuka, sekunde tatu baadaye umeshasahau.

Kinanda_Kibovu
FremuPana umesema vizuri, ila muziki usiupite haraka hivyo. Carpenter mwenyewe amesimulia kwamba alionyesha filamu bila muziki kwa afisa mmoja wa studio, na hakutishika hata kidogo.

Mdundo ni wa 5/4, yaani mapigo matano kwa raundi, ambao baba yake alimfundisha utotoni kwa ngoma za bongo. Uhesabu kwa nusu pigo, hivi: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili. Sasa jaribu kuupigia makofi ya nne nne kama wimbo wa kawaida. Raundi ya kwanza tu umeshaachwa, kwa sababu unarudi mwanzo pale ambapo sikio halijajiandaa. Hauna pa kupumzika, na wala haupandi kuelekea kilele kikubwa. Unazunguka tu, kama yule muuaji anavyotembea. Hakimbii hata mara moja, umeona?

MhakikiMkavu
Tusiifanye takatifu. Hadithi iko Illinois mwezi Oktoba, lakini walipiga picha California majira ya kuchipua. Majani makavu yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, yakazolewa na kutumika tena. Nyuma yake miti ni ya kijani, na mitende ya mapambo inachungulia. Mazungumzo ya wasichana nayo yana sehemu zimechacha.

Anayesema haitishi mara nyingi aliitazama simu ikiwa mkononi. Filamu hii inamweka muuaji nyuma, pembeni, kwa ukungu, na hakuna mlio wa kukuambia inua macho. Ukikosa mara nne tano hivi, umebaki na wasichana wanaotembea kutoka shule.

Spika_Moja
Na wengine wameharibiwa na runinga yao. Zima mpangilio wa kulainisha mwendo. Filamu ni picha 24 kwa sekunde, runinga ikitunga za katikati inageuka tamthilia ya mchana. Usikuze picha ijaze skrini, kwa sababu zinazokatwa ni zile pembe alizosema FremuPana. Matoleo ya zamani ya runinga za mraba yalikata hivyo hivyo.

Mwangaza uupime kwa ule mlango. Kabla uso haujatokea, ndani pawe peusi lakini ukingo wa mlango uonekane. Ukiona kinyago papo hapo, umezidisha, weusi umekuwa kijivu. Usipoona chochote mpaka ajongee, umepunguza mno. Taa ya chumbani ikae nyuma ya runinga, isiakisi kwenye kioo.

Sauti: zima hali ya usiku, inasawazisha kimya na kelele. Kama diski ina sauti ya awali ya mono (ya njia moja), chagua hiyo. Kwa rangi, tafuta Blu-ray ya 2013 ambayo Cundey aliisimamia. Ile ya 2007 imepoteza ubluu wa usiku.

Mdadisi
Kumbe nilikuwa nauliza nusu ya swali. Moja tu limebaki: mbona mwisho wake unakwenda na mtu mpaka kitandani?

FremuPana
Muuaji anapigwa risasi, anaanguka kutoka ghorofani, wanapotazama chini mwili haupo. Kisha Carpenter anakuonyesha sehemu ulizokwisha kuziona: sebule, ngazi, nyumba kwa nje. Zote tupu, na pumzi zake zinasikika juu ya kila picha. Ngazi na sebule hata wewe unazo.