Umewahi kutupa utani, mjuaji akausahihisha? Tupeane uzoefu

Mtaka Cha Uvungu

Wakuu, salamu. Leo naomba tuwajadili ndugu zetu wajuaji. Simzungumzii mtu anayejua mambo, huyo tunamhitaji. Namzungumzia yule ambaye ukitupa utani, watu wanacheka, yeye anasubiri kicheko kipungue kisha anaanza, "Ila kwa kweli..."

Kwetu tunaye mmoja, binamu yangu. Juzi kwenye kikundi cha ukoo mtu aliandika kwamba mjomba akikoroma anasikika mpaka mwezini. Watu wakacheka, mjomba mwenyewe akacheka, shangazi akasema yeye ndiye shahidi namba moja. Binamu akaingia: sauti haisafiri mahali pasipo na hewa, kwa hiyo hata mjomba akoromeje, mwezini hasikiki. Haya. Hakuishia hapo. Akaongeza kuwa mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, kwa hiyo hata kama kungekuwa na hewa njia nzima, koromo lingechukua kama siku 13 kufika.

Kikundi kikapoa. Kisha mjomba, ambaye huwa haandiki kitu zaidi ya "amina", akajibu: "Basi lile la wiki iliyopita bado liko njiani. Tulia ulisubiri."

Tangu siku hiyo nimeacha kumchukia binamu. Bila hesabu yake, mjomba asingekuwa na cha kujibu, na utani ule wa mwanzo, tuseme ukweli, ulikuwa wa kawaida sana. Mjuaji anakuandalia mpira, kazi yako ni kuupiga. Kwa hiyo leteni visa: alikusahihisha nini, na ulimjibu nini? Sharti moja tu, humu ndani hakuna kusahihishana.

Nukta na Mkato

Kisa kizuri mkuu. Ila siku 13 ni kwa hewa ya nyuzi 20, ambapo sauti huenda takriban mita 343 kwa sekunde. Kwenye baridi sauti hupunguza mwendo, kwa hiyo koromo lingechelewa zaidi.

Mtaka Cha Uvungu

Sharti lenyewe halijakauka wino.

Bibi Kejeli

Ofisi niliyokuwa zamani, mkurugenzi alitangaza kwenye kikao cha wafanyakazi wote kwamba tangu aingie yeye, idara imegeuka nyuzi 360. Kijana mmoja wa uhasibu, mkimya, akili nyingi, hofu hana, akanyoosha mkono. "Samahani mkurugenzi, ukigeuka nyuzi 360 unarudi pale pale ulipokuwa. Nadhani ulimaanisha 180."

Sote tukainamia makaratasi. Mnakijua kile kicheko kinachotaka kutokea puani ukikibana mdomoni? Katibu muhtasi alikuwa ameshika kalamu lakini mabega yanacheza. Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, kioo kimoja, halafu kingine, akaivaa. Akasema: "Nilimaanisha 360. Nimeizunguka idara yote, na nilipomaliza nimekukuta wewe kwenye meza ile ile na cheo kile kile."

Tulicheka mpaka tukagongagonga meza. Ila nikikumbuka leo, sina hakika kama tulipaswa. Kijana alikuwa sahihi kwa hesabu, na alikuwa sahihi kwa jambo lenyewe pia, maana idara ile haikuwa imebadilika hata kidogo, na sote tulijua. Mkubwa akimchapa mdogo kwa utani mbele ya watu, nusu ya kicheko huwa ni mshahara.

Kumbe Ndiyo Hivyo

"Nusu ya kicheko huwa ni mshahara." Bibi, hiyo naiiba mchana kweupe.

Domo Zege

Mimi jina langu linajieleza, kuongea si fani yangu. Wakati namfuatilia huyu ambaye sasa ni mke wangu nilijikakamua nikamwandikia: "Nitakupenda mpaka jua lizimike." Nimeituma, nimeweka simu kifudifudi, naogopa kuigusa. Ikalia. Jibu: "Jua limebakiza kama miaka bilioni 5."

Ni mwalimu wa fizikia, nilipaswa kutegemea. Nikakaa na ule ujumbe muda mrefu, sijui kama nimekataliwa au nimefundishwa. Mwishowe nikaandika: "Kwa hiyo mkataba ni wa miaka bilioni 5. Unasaini au husaini?"

Alisaini. Sasa kila tukikwaruzana ananiuliza mkataba umebakiza muda gani.

Nukta na Mkato

Hongera sana. Nisamehe tu niseme, jua huzidi kung'aa kadiri linavyozeeka. Baada ya kama miaka bilioni moja dunia itakuwa na joto la kutokalika, bahari zenyewe zitakauka. Mkataba utakwama mapema.

Domo Zege

Nimemsomea. Anasema alijua tangu siku ile, akaamua kunisamehe hizo bilioni nne.

Msomaji wa Usiku

Mnadhani haya mambo yameanza na simu? Inasimuliwa kwamba huko Athens ya kale mwanafalsafa Plato alimweleza binadamu kuwa ni mnyama wa miguu miwili asiye na manyoya. Watu wakapiga makofi. Diogenes, yule mwanafalsafa aliyekuwa akiishi ndani ya mtungi mkubwa, hakubishana. Alimchukua jogoo, akamnyonyoa, akaingia naye darasani: "Huyu hapa ndiye binadamu wa Plato."

Sehemu ninayoipenda mimi si jogoo. Ni kwamba wale wa darasani, badala ya kucheka au kuona haya, walirekebisha maelezo wakaongeza: "mwenye kucha pana." Yaani mtu kawaletea jogoo mtupu mezani, wao wanatafuta kifungu cha kuongeza. Hapo ni mjuaji kakutana na wajuaji, na kila upande uliondoka ukiamini umeshinda.

Nukta na Mkato

Kisa hicho tumekipata kwa Diogenes Laertius, mtu mwingine kabisa mwenye jina hilo hilo, aliyeandika zaidi ya karne tano baadaye. Si lazima kilitokea.

Msomaji wa Usiku

Ndiyo maana nikaanza na "inasimuliwa", mkuu. Nilikuona unakuja.

Mama wa Watatu

Mimi changu hakikunichekesha, angalau siku ile. Usiku, mwanangu wa mwisho amechemka, nimempangusa maji, nimempa dawa, homa haishuki. Nikaandika kwenye kikundi cha wazazi: "Mtoto ana homa masaa sita sasa haishuki, nifanyeje?" Jibu la kwanza kabisa: "Ni saa sita, si masaa sita. Neno saa halibadiliki katika wingi."

Nimekaa na mtoto mapajani nikausoma mara mbili. Nilitamani simu iwe na mlango niubamize. Mzazi mwingine akapiga kabisa, akaniambia usisubiri kuche, mpeleke. Tukaenda, wakakuta malaria, akatibiwa.

Alipopona niliandika kule kule: "Nawashukuru wote. Mtoto amekunywa dawa zake kwa masaa yote aliyoandikiwa na amepona kabisa. Mwalimu wa sarufi naye tunamwombea apone." Kikundi kikalipuka. Yeye akaweka dole gumba tu.

Sisemi lugha ichezewe. Nasema soma kwanza mtu anataka nini kwako.

Mkaguzi Mstaafu

Nimesoma yote nikaona niwatetee wenzangu, maana nimeishi kwa kazi ya kusahihisha maandishi ya watu. Mnatucheka, lakini mnajua gharama ya kutokuwepo kwetu? Mwaka 1999 NASA walipoteza chombo chao, Mars Climate Orbiter, kilipofika kwenye sayari ya Mars. Programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, vya ratili, na iliyozipokea ikazisoma kana kwamba ni vipimo vya metriki. Mkataba wa kazi ulikuwa umetaja metriki. Chombo kikapita chini mno na kikapotea. Pale alihitajika mtu mmoja mwenye kero, wa kunyoosha mkono na kusema "samahani, hizi ni ratili au nyutoni?" na kuvumilia kuonekana anachelewesha kikao.

Miligramu na mikrogramu zinapishana mara elfu moja. Muuguzi anayesumbua kuhusu herufi moja kwenye karatasi ya dawa mimi namvulia kofia.

Lakini nakubaliana na Mama wa Watatu moja kwa moja. Yule hakuwa mjuaji, alikuwa hasikilizi. Nasi tuna adhabu yetu, ina jina kabisa: Kanuni ya Muphry. Iliandikwa mwaka 1992 na mhariri wa Australia, John Bangsund. Inasema ukiandika kukosoa uhariri wa mtu, maandishi yako yenyewe yatakuwa na kosa. Nimeiona ikitimia kwa watu wazima, kwenye barua rasmi, na nakala zikiwa zimeshasambazwa.

Kumbe Ndiyo Hivyo

Mzee wetu, heshima mbele. Ni Murphy, siyo Muphry. Rekebisha kabla wajuaji hawajafika.

Mkaguzi Mstaafu

Kijana wangu. Murphy ni yule wa "jambo linaloweza kuharibika litaharibika". Hii imeandikwa Muphry makusudi, kosa ndilo utani wenyewe.

Kumbe Ndiyo Hivyo

Naomba ardhi ipasuke.

Nukta na Mkato

Kwa mara ya kwanza leo sina la kuongeza.

Kimyakimya

Mimi shida yangu ni utani wa maandishi, sura haionekani. Nilimwandikia kaka yangu, aliyechelewa kikao cha familia hadi kikaisha, "Asante kwa kuwahi." Akajibu "Karibu." Mpaka leo sijui nani alimtania mwenzake. Na tatizo ni la siku nyingi: Septemba 1982 pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, utani kuhusu zebaki kumwagika kwenye lifti ulichukuliwa na baadhi ya watu kuwa onyo la kweli. Tarehe 19 mwezi huo Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta wa hapo chuoni, akapendekeza utani uwekewe alama, nukta mbili, kistari na mabano. Ndiyo kale kauso tunakokajua. Binafsi naona ukikaweka umeshaomba radhi kabla hujakosea, na utani unapoa.

Bibi Kejeli

Hapo nakupinga. Bila kauso nusu ya ndoa za humu zingekuwa zimevunjika.

Baba Kalenda

Nimechelewa, lakini nina cha kwangu. Rafiki yangu wa toka shule alisherehekea karne mpya usiku wa kuingia mwaka 2000 kama dunia nzima. Mimi nilikataa. Nilimweleza, tena kwa upole, kwamba hesabu ya miaka haina mwaka sifuri: unatoka mwaka 1 kabla ya Kristo unaingia mwaka 1 baada yake. Kwa hiyo karne ya kwanza iliisha mwisho wa mwaka 100, ya ishirini itaisha mwisho wa 2000, na karne ya 21 inaanza tarehe 1 Januari 2001. Nikabaki nyumbani, nikalala mapema kwa msimamo.

Mwaka uliofuata ulipofika, mimi nimevaa, niko tayari, nampigia twende tukasherehekee karne yenyewe halali. Kila niliyempigia alikuwa na usingizi. Tangu hapo kila mwisho wa mwaka ananitumia ujumbe ule ule, habadilishi hata nukta: "Wewe ulikuwa sahihi, mimi nilikuwa kwenye sherehe."

Nimetafuta jibu miaka yote hii. Mwenye nalo anisaidie, Desemba haiko mbali.

Nukta na Mkato

Inategemea tuko mwezi gani.